Posta na Kikapu Kilichopinda

Mwanamke mrefu akiwa mwoga, woga wake nao unakuwa mrefu, unaonekana toka mbali. Huyu alikuwa mkata vitambaa kwenye karakana ya kushona sare za shule. Kutwa yuko kwenye ile meza ndefu, kisu cha umeme mkononi, vitambaa vimepangwa tabaka juu ya tabaka, anafuata mstari wa chaki bila kusita. Akiteleza pale, suruali za darasa zima zimekwisha. Hakuwa anateleza. Lakini mpe mpira wa kikapu, magoti yanageuka uji.

Watu wasiokosa ushauri walimwambia, "Rusha mpira kama unavyokata kitambaa." Upuuzi. Kitambaa hakikimbii, wala hakuna jitu linalokurukia usoni wakati unakata.

Pale kazini walimwita Posta. Jina hilo alilitafuta mwenyewe, hakuonewa. Kila kinachomfikia anakipeleka kwa mwingine, hakai nacho. Mwaka jana timu yao ya wanawake ilicheza na wafuaji wa mashuka wa hospitali, na dakika za mwisho kabisa mpira ukamkuta amesimama chini ya kikapu peke yake, hakuna wa kumkaba, hakuna hata nzi. Angenyoosha mkono tu. Badala yake akafumba macho akautoa kwa mwenzake, na mwenzake huyo akawa refa. Ukampata tumboni, refa akabaki ameukumbatia kama mtoto aliyeachiwa mlangoni. Watu walicheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza nani kaanguka.

Lawama nyingine ni za mama yake, na asitetewe. Alimlea mtoto kama mtu anayelea sahani za wageni. Usishike, utavunja. Usipande, utaanguka. Kaa hapo, urefu wote huo utaangusha kabati. Mtoto akikua na maneno hayo, mikono yake anaiona kama ya mtu mwingine, anaomba ruhusa hata ya kujikuna.

Sasa, timu ilikuwa na kocha, na kocha alikuwa dereva wa gari la kupeleka sare. Ukocha hakupewa na mtu. Alikuwa na filimbi, wengine hawana, basi. Jumatatu ya wiki ya marudiano na wafuaji akawakusanya wanawake mbele ya mashine za kushonea, akamnyooshea Posta kidole.

"Wewe. Jumamosi mpira ukikufikia, rusha. Ukiugawa tena kama barua, jezi yako namvalisha huyu binti wa vifungo. Nimemaliza."

Binti wa vifungo akainama kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka.

Mtu wa nje atasema, jezi ni nini? Kitambaa tu, tena walikishona wenyewe kwa masalio. Lakini kabla ya timu, Posta alikula chakula chake cha mchana peke yake nyuma ya marobota ya vitambaa, anatafuna polepole ili asisikike. Alipoingia timuni ndipo wenzake walipomjua ana meno, maana alianza kucheka. Wakitoka mazoezini wanatembea pamoja mpaka njia panda, wanasengenya bosi, wanashikana mabega. Jezi ikienda, vyote hivyo vinaenda. Anarudi nyuma ya marobota. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, siyo kikapu.

Mumewe alimwona anageukageuka kitandani. "Mchezo tu huo, mama."

"Mchezo kwako. Wewe unacheza bao, ukishindwa unachekwa na mtu mmoja."

Basi akaanza kwenda uwanjani asubuhi mapema, kabla karakana haijafunguliwa. Uwanja ni neno kubwa. Ni sakafu ya saruji nyuma ya choo, na nguzo moja, na kikapu kimoja. Na kikapu chenyewe kimekaa upande. Miaka ya nyuma Dereva alirudisha gari kinyumenyume bila kuangalia, akaigonga nguzo, ile pete ya chuma ikahamia kushoto kama kofia ya mlevi. Alisema ni upepo. Upepo! Wanawake walimwangalia, wakaangalia bampa ya gari, wakanyamaza, kwa sababu ndiye anayewarudisha nyumbani siku za mvua. Kikapu kikabaki vile vile, na wao wakakizoea kama watu wanavyozoea mkwe mlevi.

Asubuhi ya pili akamkuta Shangazi pale. Huyu hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Ni mshona kola, mkubwa kuliko wote timuni, mvi zimemjaa na bado anaruka. Wote walimwita hivyo kwa heshima, na kwa sababu mdomo wake ulikuwa wa kishangazi.

"Unafanya nini hapa na baridi hii, mwanangu? Umefukuzwa kwako?"

"Najifunza kurusha, Shangazi. Naogopa Jumamosi."

"Ogopa ukiwa karibu, basi. Huko uliko unaogopa kwa umbali, mpira haufiki. Sogea hapa. Lenga kushoto, pale penye kutu. Kunja magoti, usikunje uso."

Akasogea. Akalenga kwenye kutu. Ukaingia. Akadhani ni bahati, akarudia, ukaingia tena. Siku iliyofuata akarudi nyuma kidogo, mpira ukazidi kuingia. Ijumaa alikuwa anarusha toka mbali huku anaongea, kutu yake ameishika kwa macho, na binti wa vifungo, aliyekuja kuangalia, anapiga makofi kwa moyo mmoja, kwa moyo wa pili anaiona jezi inamkimbia.

Jumamosi wakapakiwa kwenye gari la sare. Posta alikuwa ameivaa jezi toka nyumbani, ndani ya gauni. Kabla hawajafika barabara kubwa aliomba gari lisimame. Akashuka, akatapika kwenye mtaro, akarudi akaketi, akaomba tena. Dereva akamtazama kwenye kioo.

"Una mimba ama una mechi?"

"Niache, Kocha."

Uwanja wa hospitali ulikuwa umepakwa rangi, mistari imenyooka, vikapu viwili vimesimama wima kama askari wa zamu. Wafuaji walikuwa wanajipasha moto. Wanawake wenye mikono! Mtu anayekamua mashuka ya wodi nzima akikushika kiwiko unakumbuka dhambi zako. Walipomwona tu wakaanza.

"Jamani, Posta kafungua leo!"

"Refa, funga tumbo!"

Mechi ikaanza, na kilichotokea hapo watu wa kwao mpaka leo wanakiita ushujaa uliokosa bahati. Wanajidanganya. Kila mpira uliomfikia aliurusha. Akiwa mbali, anarusha. Akiwa amekabwa na watu wawili, mikono imemjaa usoni, anarusha. Mwenzake yuko wazi anamwita kwa sauti, hamwoni, anarusha. Ule haukuwa ujasiri. Alimwogopa Dereva, akaogopa kuitwa Posta, kwa hiyo mpira ulimuunguza mkononi kama kawaida, ila sasa alikuwa anautupa juu badala ya kuutupa pembeni. Woga ni ule ule, umebadilisha njia tu.

Na haukuingia hata mmoja. Yote ilianguka kushoto.

"Posta, anwani siyo hiyo!" akapiga kelele mfuaji mmoja, uwanja mzima ukaangua kicheko, na kicheko kile alikijua. Kilimwingia masikioni kikashuka mpaka kwenye nyayo.

Dereva akamtoa. "Nilisema rusha, sikusema mwaga!"

Akakaa kwenye benchi na taulo kichwani kama mfiwa. Binti wa vifungo aliingia badala yake. Posta aliwaza kuondoka, apite nyuma ya wodi, apande gari la abiria, Jumatatu aseme anaumwa, na Jumanne pia, mpaka watu wasahau. Lakini ili uondoke lazima usimame, na alivyo mrefu akisimama wote wangemwona. Kwa hiyo alikaa. Na kwa kuwa hakutaka kuangalia nyuso za watu, akaangalia kikapu.

Shangazi akarusha. Ukaanguka kushoto. Mwingine akarusha, kushoto. Binti wa vifungo, kushoto. Wafuaji wanarusha, inaingia. Akatoa taulo kichwani.

Wakati wa mapumziko akamvuta Shangazi pembeni. "Shangazi, kikapu chao kiko katikati."

"Ulitaka kiwe wapi, jikoni?"

"Sikiliza. Cha kwetu kimepinda. Tunalenga kutu ambayo hapa haipo. Sisi sote."

Shangazi akashika kiuno. Akatazama kikapu. Kisha akageuka polepole akamtazama Dereva, naye Dereva akaanza kuifuta filimbi yake kwa shati.

"Miaka yote hii," Shangazi akasema, "tukishindwa ugenini tunawatukana marefa. Mimi nilimwapiza yule refa mwenye kipara, na watoto wake."

"Upepo ule ulikuwa mkali," Dereva akasema.

"Nyamaza, baba, nisije nikakuapiza na wewe." Akamgeukia Posta, akamshika kidevu. "Na wewe, acha kurusha kama unayetupa nyoka. Ukikiona kikapu chote, kizima, rusha. Ukiona kiganja cha mtu, tafuta mwenzako. Hakuna lingine."

Binti wa vifungo alikuwa ameteguka kidole, ikabidi Posta arudi. Mtu asidhani kwamba kwa kujua kwamba kikapu chao kimepinda woga ulimtoka. Kujua siyo dawa. Akisikia sauti ya mfuaji yeyote bega linaruka lenyewe. Mpira wa kwanza ukamkuta upande wa kulia, karibu, hakuna aliyemfuata kwa sababu walishamdharau. Akakiona kikapu chote. Akasikia mwili wake unasema utoe, utoe. Akakunja magoti yale ya uji, akalenga katikati, akarusha.

Ukaingia. Hakufurahi, alishtuka, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mgeni.

Baada ya hapo wafuaji wakaanza kumfuata, na yeye akawa anatazama. Kiganja, anatoa. Kikapu, anarusha. Mwingine ukaingia, mwingine ukagonga chuma ukarudi, na ule uliorudi ulimtia hofu kiasi kwamba mpira uliofuata, ambao alikuwa wazi kabisa, aliutoa. Alijijua. Akajitukana kimoyomoyo. Ule ulikuwa wa woga na haustahili msamaha.

Timu ya karakana ikapunguza pengo mpaka likabaki la pointi moja, muda unaisha. Mpira ukampata Posta mbele ya kikapu. Wafuaji wawili wakamjia, wale wakubwa wa mashuka, mikono juu, hakuna mbingu tena. Nyuma yao, chini ya kikapu, Shangazi peke yake.

Dereva alikuwa amepanda juu ya benchi. "Rusha! Rusha, wewe!"

Hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote. Akirusha na kukosa, nani atamlaumu? Watasema alijaribu, kocha alimwagiza, jezi inabaki mgongoni. Akiutoa, jina limemganda milele na jezi imekwenda na njia panda imekwenda. Woga wote mle mwilini ulimwambia rusha. Lakini hakuwa anakiona kikapu. Alikuwa anaona viganja vinne.

Akaupitisha chini ya mikono yao, ukamfikia Shangazi kifuani, safi.

Shangazi akarusha. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka juu ya pete, ukafikiri, ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Walipanda gari. Dereva hakuwasha. Alikaa ameshika usukani, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Jezi."

Posta akaishika kwa mikono miwili penye pindo. "Sitoi."

"Nilisema nini Jumatatu? Nilisema ukiugawa—"

"Nilikuwa naogopa, Kocha. Nilikuogopa wewe kuliko wale. Ningefuata woga, ningerusha. Alikuwa peke yake chini ya kikapu, nikampa. Kesho akiwa peke yake nampa tena."

"Kesho hutakuwepo."

"Aliyekosa ni mimi," Shangazi akadakia toka kiti cha nyuma. "Chini ya kikapu, mtu mzima, na mvi zangu. Kama unakusanya jezi, anza na hii. Ila njoo univue mwenyewe, mabega yamekaza."

Kicheko kikalipuka, hata binti wa vifungo na kidole chake kilichofungwa kitambaa. Dereva akarudisha mkono wake kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliwasha gari, na safari hii alitazama nyuma kabla ya kurudi kinyumenyume.

Neno hilo la kutosema ndiyo wala hapana lilimtesa Posta. Mwenye moyo mwepesi angesema ameshinda. Yeye alifika nyumbani akala na ile jezi, akaosha vyombo nayo, imekauka jasho, inanuka. Mumewe akamuuliza kwa nini haivui akaoga. Kila gari lililopita nje alisimama na sahani mkononi, akasikiliza kama ni Dereva anapunguza mwendo aje kuidai, na mkono mwingine unashika pindo.