Bidoni za Njano katika Chumba cha Mzazi

Mume wangu ni dereva wa njia ya Lubudi, na hakuna anachokiogopa kama geji ya mafuta inayosoma chini. Kila esanse, yaani petroli, ilipoadimika Kolwezi, alijaza bidoni za njano zilizokuwa za mafuta ya mawese, akazipanga chumba cha nyuma na kuzifunika kitenge. Zikikaa nje wataiba, alisema. Nilimpigia kelele mpaka nikachoka, na mimi si mtu wa kuchoka upesi.

Mwaka huo binti yetu alirudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Chumba cha nyuma kingekuwa chake na mtoto. Mama mkwe naye akaja kutoka Lubudi kumpokea kitukuu. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni kwetu haina adabu.

Asubuhi moja nilikuwa nafua uani nikamwona mama mkwe akielekea chumba kile na jiko la mbabula mikononi, makaa yamewaka vizuri. Alitaka kukipasha joto kabla binti hajahamia.

— Mama, simama! Simama pale pale!

Nilimpokonya mbabula, nikaipeleka mbali. Mkamwana kumpokonya mama mkwe moto! Uso wake ulibadilika.

— Unanikatazia moto? Mutoto azaliwe mu baridi?

Nikamshika mkono hadi mlangoni, nikafunua kitenge. Bidoni zilikuwa zimevimba matumbo.

— Si ni mawese? aliuliza.

— Hapana, mama. Ni esanse.

Moshi wa jikoni ulikuwa umeimaliza pua yake zamani. Alizitazama, kisha akamwita mwanawe kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Mzee mzima mwenye mvi akaja mbio.

— Mama, alijitetea, siku uchungu utamukamata, na esanse inakosa ku stesheni, nitamupeleka na nini?

Hasira yangu ikayeyuka. Kumbe sote tulikuwa tunamhangaikia mtoto yule yule. Nilimpenda mume wangu upya palepale, ingawa sikumwambia, asije akavimba kichwa.

— Basi weka mu gari, mama yake akamjibu. Gari njo inaenda materinite, hapana chumba.

Siku hiyo hiyo mume wangu alimimina esanse ndani ya tangi la gari, uani, injini imezimwa na jiko letu halina moto. Iliyobaki aliwagawia majirani wenye teksi. Akabakiza kidogo tu katika bidoni moja ya chuma yenye kifuniko cha kukaza, hakuijaza pomoni, akaifungia kwenye kibanda cha bati chenye matundu ya hewa, mbali na nyumba. Mimi nilifungua madirisha, nikasugua sakafu kwa sabuni mpaka harufu ikakubali kuondoka. Tangu hapo, geji ikifika nusu anajaza, hangoji taa iwake.

Uchungu ulianza mchana ambao stesheni za mafuta za mtaani Manika zilikuwa na foleni mpaka barabarani. Tuliipita foleni ile kuelekea hospitali ya uzazi, binti akiniminya mkono, na mume wangu hakuitazama hata geji.

Msichana. Tulimleta chumba cha nyuma, dirisha wazi kidogo, mbabula imekwisha kutoa moshi na mama mkwe akiilinda. Mume wangu aliingia akitoka kujaza tangi, mikono mbele.

— Munipe mujukuu wangu.

— Kwanza nawa, tukamwambia sote watatu.

Akatoka kwenda kunawa, akiimba.