Mpango wa Bwana Tahadhari

Wenzake hospitalini walimwita Bwana Tahadhari, naye akavimba kichwa akidhani anasifiwa. Kazi yake ilikuwa kupanga mambo ya siku mbaya: umeme ukizimika, kila idara irudishiwe huduma baada ya muda gani. Kazi ya maana kabisa, ukimpa mtu jasiri. Huyu aliogopa hata kivuli cha bosi wake.

Swali lenyewe halihitaji elimu kubwa. Unamuuliza mkuu wa idara: umeme ukikatika, wagonjwa wako watavumilia kwa muda gani kabla ya kudhurika? Bwana Tahadhari hakuuliza hivyo. Aliwakusanya wakuu ukumbini, akawaagizia chai, kisha akamuuliza kila mmoja angependa kupewa muda gani. Kama vile kuwauliza watoto nani aanze kupakuliwa chakula. Daktari wa upasuaji akagonga meza, akapata lake. Mhasibu mkuu akataka nusu saa, maana hakukubali kuwa chini ya mkuu wa utawala. Mkuu wa utawala akataka robo. Mkurugenzi aliguna tu, na ofisi yake ikapandishwa juu ya zote.

Daktari wa figo hakuwepo, alikuwa na wagonjwa. Chumba chake cha kusafishia damu kikapewa siku mbili.

"Akirudi atalalamika," alisema katibu.

"Akilalamika tutaangalia."

Alilalamika sana. Hakuna aliyeangalia. Na dada yake Bwana Tahadhari, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa akisafishwa damu katika chumba hicho hicho. Ungedhani hilo lingemgusa. Wapi! Kwake dada alikuwa mambo ya nyumbani, na mpango mambo ya ofisini.

Asubuhi moja transfoma ikaungua. Dada, aliyefika kusafishwa siku hiyo, alikuwa ameshakosa zamu moja kwa homa, miguu imevimba, anahema kwa shida. Jenereta haikuweza kubeba jengo zima, basi fundi wa umeme akaunganisha kwa kufuata mpango: mkurugenzi, upasuaji, utawala, uhasibu. Ikaishia hapo.

Bwana Tahadhari alipofika chumba cha figo, mashine zote zilikuwa zimezimika.

"Mdogo wangu," dada akauliza kwa taabu, "nani aliamua sisi tuwe wa mwisho?"

"Kamati, dada."

Akakimbilia kwa fundi. "Wape umeme watu wa figo."

"Nizime wapi?"

"Ofisi ya mkurugenzi."

"Haya, bosi. Sema tu, nazima sasa hivi." Fundi alikuwa ameshashika swichi.

Neno moja tu. Bwana Tahadhari akarekebisha tai. "Ngoja kwanza nimuulize mwenyewe."

Akapanda ghorofani, akabisha kwa adabu. Kimya. Mwanga wa taa ulionekana chini ya mlango na kiyoyozi kilinguruma, akaona bosi ana shughuli, si vizuri kumsumbua. Akasubiri pale, mikono nyuma, hadi mkurugenzi alipotokea ngazini na funguo za gari mkononi.

"Kuna nini?"

Akaeleza, akiomba radhi kila baada ya sentensi.

"Sasa si ungezima tu?" mkurugenzi akasema. "Mimi ndio kwanza nafika."

Aliposhuka kumwambia fundi azime, daktari wa figo alikuwa ameshamfunika dada shuka hadi usoni.