Nilivyokata nauli ya Mama Felo nikaipeleka harusini

Wakuu, habari za jioni.

Kama umekuja kucheka, uzi huu hautakufaa. Yalinipata mimi, hapa Nakuru, na mashine nitakayoitaja iko mbele yangu nikiandika.

Nina karakana ndogo ya kufuma sweta za shule, mtaa wa Rhonda. Fundi wetu wa miaka mingi alikuwa Mama Felo, mjane kutoka Kakamega. Alikuwa na wimbo mmoja wa kanisa. Ubeti wa pili haujui, basi anarudia wa kwanza mpaka saa ya chai. Tulikuwa tunamwomba atuonee huruma.

Siku hizi karakana ni kimya, na ule ubeti nautamani kweli.

Sasa, kosa langu.

Hapa kwetu mtu akiwa na harusi au matanga, tunachanga. Desturi nzuri, siipingi. Lakini kuwafuata watu mmoja mmoja kulinichosha, nikatafuta njia ya mkato: mwisho wa mwezi nakata mchango kwa mshahara wa kila mtu kabla sijatuma kwa simu.

Sikuuliza mtu. Payslip za kuonyesha makato hatukuwa nazo. Pesa inaingia imepungua, na kila mtu anajua ni ya shughuli ya fulani. Hakuna aliyelalamika, nami nikajisifu kwamba watu wangu wana umoja. (Kumbe mtu unayemlipa akinyamaza, hajakubali.)

Mwezi mmoja Njeri, fundi mwenzao, alikuwa anaolewa kwao Dundori. Nikakata kama kawaida. Kwa vile ni harusi, nikakata ya kushiba.

Nisichojua ni kwamba mama mzazi wa Mama Felo alikuwa hoi kijijini. Hakutuambia, maana hakupenda kuchangiwa. Alikuwa ameupanga ule mshahara wote: kodi ya nyumba, deni la duka, na nauli ya kwenda kumwona mama yake Ijumaa baada ya mshahara.

Nauli ndiyo niliyokata. Harusi ilifana sana, tulicheza mpaka viatu vikalia.

Alipata nauli ya kukopa Jumatatu. Mama yake alikuwa ameaga Jumapili.

Habari ikatufikia. Na mimi nikafanya nini, wakuu? Nikamtumia rambirambi ya karakana, nikitoa mfukoni mwangu, nimeshapanga kumkata kila mtu mwisho wa mwezi.

Pesa ikarudi kabla sijaweka simu chini. Kisha akapiga.

"Boss, hii pesa ya watu, uliwauliza?"

Nikaanza kumpa pole, akanikatiza.

"Hata mimi hukuniuliza. Ungeniuliza tu, ningekuambia mama ni mgonjwa."

Hakuwa na hasira. Hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Baada ya mazishi nilifunga safari hadi Kakamega kumwomba msamaha. Alinisamehe. Alinichinjia kuku, akanijazia avokado kwenye mfuko. Lakini nilipotaja kurudi kazini, alitikisa kichwa, akaniongezea ugali.

Siku hizi kila mtu anapata payslip yenye mshahara wote na makato ya kisheria, ambayo nayapeleka kwa wakati. Kingine chochote hakikatwi mpaka mwenyewe aandike kwamba amekubali. Michango tunapitisha bakuli watu wakishalipwa, anayetaka anatoa, na asiyetaka hatumwangalii vibaya. Na amini usiamini, bakuli hujaa.

Mashine ya Mama Felo sijampa mtu. Naifuta vumbi mwenyewe.

Juzi fundi mpya alianza kuuimba ule wimbo akiwa kwenye mashine yake. Huyu ubeti wa pili anaujua wote. Tulimsikiliza mpaka mwisho, halafu kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Wenye biashara ndogo, nyinyi mnakata nini bila kuuliza? Semeni hapo chini, hata kama ni kunichapa. Na walio Kakamega mkikutana naye, mwambieni kiti chake bado kipo.