Minyaa Kati ya Makaburi Mawili

Mihayo alirudi Shinyanga mwaka wa arobaini na nane akitokea Palestina, na kwa siku saba alikunywa pombe vilabuni Ngokolo bila kutoa senti. Angekwenda kwanza kumwona mama yake, lakini huyo ndiye Mihayo. Alikuwa askari wa ghala la Waingereza karibu na Haifa, na watu walitaka hadithi.

Aliwasimulia habari za mzee Mwarabu aliyewauzia zeituni, aliyeapa kwamba babu zake saba wamelala katika shamba lile. Akawasimulia na habari za Myahudi fundi saa, ambaye ndugu zake wote waliuawa Ulaya, naye hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kila mmoja alimwambia: sisi twataka amani, ila wao waanze kukiri kwamba hapa ni kwetu.

"Wapumbavu wote wawili," Mihayo alisema akifuta povu mdomoni. "Si wangegawana tu?"

Watu wakacheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Siku ya nane akafika kwao, akakuta mama yake alikwisha kufa, na nyumbani mna watu. Valerian, Mzinza, na mkewe Paskalina walikuwa wamefukuzwa huko Geita, Wazungu walipotaka dhahabu iliyokuwa chini ya nyumba yao. Mama yake Mihayo ndiye aliyewakaribisha. Paskalina alimlisha uji mpaka siku ya mwisho, na wao ndio waliomzika shambani mwake. Baadaye mwanangwa, mkuu wa kijiji, akawapa shamba hilo, maana kwa Wasukuma shamba lisilo na mtu hupewa mhitaji. Mtoto wao Bernadina alipokufa kwa surua, wakamzika pale pale.

Mihayo alipolidai, mwanangwa akaligawa shamba katikati kwa ua wa minyaa, ile miti ya utomvu mkali. Nusu ya Mihayo, nusu ya Valerian. Balaa ni kwamba kaburi la mama lilibaki kwa Valerian, na la mtoto likabaki kwa Mihayo.

Mwanzoni waliacha upenyo uani, na kila Jumamosi Paskalina alipita kufagia kaburi la mwanawe. Siku moja Mihayo akauziba kwa miiba.

"Utapita, Mama Bernadina," alimwambia, "siku mumeo atakaposema mbele ya watu kwamba pale alipolala mama yangu ni pangu."

Valerian akajibu kutoka ng'ambo, "Aanze yeye kusema alipolala Bernadina ni petu."

Basi wakakaa hivyo miaka minne. Pamba ilipopanda bei, Mihayo akalima mpaka ukingoni mwa kaburi la mtoto, kisha akapandisha jembe juu yake. Alijua anafanya nini, tena alilima polepole ili aonekane.

Valerian alimwona. Akachukua panga, akaukatakata ua ili apite, amesahau kwa hasira jambo ambalo kila mtoto wa kule hulijua: minyaa haikatwi huku umeielekezea uso. Utomvu ukamrukia macho yote mawili, akaanguka akigaagaa.

Dawa yake ni kuosha kwa maziwa, tena upesi. Valerian hakuwa na ng'ombe. Paskalina akazunguka ua mbio mpaka mlangoni kwa Mihayo, kibuyu cha maziwa kikining'inia pale pale.

"Baba, naomba maziwa. Macho yanamuungua."

Mihayo akaacha jembe, akaja, akakitungua kibuyu, akakikumbatia. "Nitakupa. Aseme kwanza."

Paskalina akapaza sauti, "Baba Bernadina, sema!"

"Aanze yeye," Valerian alijibu, uso umo mavumbini.

Paskalina akapiga magoti. "Nasema mimi. Kaburi lako, shamba lako, vyote vyako. Nipe."

"Wewe ni mwanamke," Mihayo alisema. "Nataka kumsikia yeye."

Alisubiri. Mkononi mwake kibuyu kilikuwa kizito na baridi, naye aliona raha, raha ambayo hakupata kuionja hata siku aliyovua nguo za jeshi. Alipokitoa mwishowe, jua lilikuwa limesogea, na Valerian hakuliona tena tangu siku hiyo.

Hakuna aliyehama. Paskalina humshika mumewe mkono, wakasimama penye ua wakielekea pamba iliyo juu ya mtoto wao.

Hata sasa, Mihayo akishuka Ngokolo, hakosi mtu wa kumuuliza: vipi wale wa Palestina, bado hawajapatana?

"Wapumbavu wale," husema. "Si wangegawana tu?"

Siku hizi hakuna anayecheka, lakini pombe wanamnunulia.