Nsafu Mbele ya Antena

Binti yangu alijifungua Ulaya, na mtoto alikuwa bado hana jina. Kwetu jina anatoa koko, yaani bibi, lakini kwanza auone uso. Uso mzima, si nusu. Donc Jumapili, baada ya misa, nilifunga kitambaa changu kizuri kichwani, nikakaa mbele ya simu.

Picha ikaja. Nikaona paji la uso na jicho moja limefumba, kisha kila kitu kikaganda. Mtoto akabaki pale kwenye kioo kama mtu anayeota. Halafu akazimika.

"Yaya, internet imekufa," akasema mdogo wangu ninayekaa naye; mimi ndiye dada mkubwa.

Akachomoa sanduku la internet, akalirudisha kwenye umeme. Akalipuliza vumbi. Akalipeleka dirishani. Taa nyekundu ikabaki nyekundu. Mimi nikaondoa kile kitambaa cha kufuma ninacholifunika nacho. Bon, hapo ujuzi wetu ukaisha. Tukabaki tunaliangalia kama mgonjwa.

Kesho yake fundi alikuja, akapanda kwenye bati, ilipo antena, akaita kutoka juu:

"Koko, sanduku iko muzima! Ni hii nsafu. Majani imefunga njia, antena haioni tena munara ya ngambo ya mto. Tukate muti."

"Kata muguu yako kwanza."

Chini ya mti ule wa matunda nilizika kitovu cha binti yangu, huyo huyo wa Ulaya. Mvua nyingi zimeukuza nikiutazama tu, bila kuona kwamba unapanda mpaka huko. Kuukata siwezi. Lakini mjukuu wangu naye, akilia, ataitwa nani?

"Funga antena mule mule kwenye muti," nikasema. "Juu kabisa."

"Koko, upepo itaitikisa. Picha itakuwa inapotea."

"Itarudi. Panda."

"Na nikianguka?"

"Utaanguka na nsafu, tutakula. Panda!"

Akapanda akicheka. Taa ikawa kijani.

Jioni binti yangu akapiga. Upepo ukivuma, uso wa mtoto unayeyuka kama mafuta ya mawese motoni. Ukitulia, uso unarudi pole pole, kwanza macho, kisha mdomo.

"Mama, unamuona?"

"Nyamaza, mutoto wangu. Ningoje."

Nje majani yakatulia. Uso ukasimama mzima, macho wazi. Nikamwita jina lake kwa sauti kubwa.

Akapiga chafya, na upepo ukaanza tena.