Kulungu na Nguo za Idi

Bibi yangu akibabua kuku, mimi ndiye niliyekuwa nikimshika miguu. Leo mjukuu wangu anababua wake, na harufu ya manyoya imenipeleka mlimani bara, likizo moja utotoni. Mjomba alifunga unyoya wa jogoo kwenye ndoana, samaki wa mtoni adhani ni nzi.

"Kaka, chewa wa baharini kwetu Kilifi angekucheka!" mamangu akasema.

Kamera ya kuazima ilibakiwa na picha moja tu. Mama alituvisha nguo za Idi, akatupanga juu ya jiwe. Mara kulungu akatoka kichakani, babangu akamgeuzia kamera.

"Baba watoto, na sisi?"

"Sisi tupo kila siku."

Mama akajifunga leso upya. Picha ile ninayo. Ya mamangu sina. Kulungu alitutazama, akageuka, akenda zake, asirudi tena.