Mchezo Usiojua Mbalamwezi

Nimeuza dagaa Mabatini tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni, na sasa ana watoto wake. Kwa hiyo nilipoitwa Butimba kufundishwa biashara kwa mchezo wa kompyuta, nilienda kwa sababu moja tu: atakayefaulu angepewa chanja za kukaushia. Mimi nilikuwa naanika chini, na wateja walichoka kutafuna mchanga.

Kila mmoja alipewa kampuni ya dagaa humo ndani ya kompyuta. Ukibonyeza, wiki imepita. Unaamua mitumbwi mingapi itoke, uajiri nani, uuze bei gani. Nilinogewa, sikatai. Wiki mbili za kwanza niliwaacha nyuma hata wenye diploma.

Wiki ya tatu nikafunga. Mitumbwi yote mwaloni, watu washone nyavu. Kwa hesabu yangu giza liliporudi nikafungua, mbalamwezi ikija nikafunga tena. Mwishoni kompyuta ikaandika kwamba nimefilisika.

Mwalimu, kijana mpole aliyeniamkia shikamoo kila asubuhi, akaja kuniuliza nimekosea wapi. Nikamwambia sijakosea. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na hakuna mvuvi anayetoka kwenda kutazama maji.

"Ni kweli, mama, lakini kwenye mchezo huu hakuna mwezi."

"Basi hilo ziwa silijui."

Watu wakacheka. Yeye akainama, akanishauri taratibu nirudie, nitoe mitumbwi kila wiki kama wenzangu, nifaulu. Muuza dagaa mwenzangu niliyekaa naye akanikanyaga mguu, akaninong'oneza nibonyeze tu tuchukue chanja twende nyumbani.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu, naye na mama yake. Leo nikubali kwa kidole changu mwenyewe kwamba walikuwa wajinga, eti nipewe chanja? Nikarudia. Wiki ya tatu ilipofika, nikafunga. Nikafilisika mara ya pili, wote wakitazama.

Chanja sikupata. Wenzangu wanazo, dagaa wao ni safi, na wivu ninao, sitadanganya.

Juzi nilimpitia yule aliyenikanyaga mguu. Chanja zake zilikuwa tupu, yeye amekaa anasuka mtoto nywele. Nikajifanya sijui, nikamuuliza mbona hajavuka ziwa kwenda Kamanga kununua mzigo wa dagaa. Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

"Na mbalamwezi yote hii?"